Kisangani: Paka analinda mchele, lakini kifua cha mtoto kinabana

Katika nyumba nyingi za Kisangani paka si pambo. Ana kazi. Usiku anazunguka kati ya mifuko ya mchele, mahindi na muhogo mkavu, na asubuhi wenye nyumba wanakuta panya mmoja au wawili mlangoni. Lakini kuna familia ambamo mlinzi huyo huyo ndiye anayemfanya mmoja wao apige chafya kuanzia alfajiri, macho yamuwashe, na usiku kifua kilie kama filimbi. Siku munganga anaposema kwamba shida ni paka, swali linaingia nyumbani pamoja na karatasi ya dawa: tumfukuze au tubaki naye?

Si swali dogo. Kwa familia inayouza chakula, au inayoweka chakula cha mwezi mzima ndani ya chumba kimoja, kumtoa paka ni kufungulia panya mlango. Kumbakisha kunaweza kuwa ni kumfungia mtoto ndani ya chumba kisichomfaa kupumua. Na kati ya njia hizo mbili, watu wengi hawaambiwi kwamba kuna ya tatu.

Mji wa mchele na panya

Kisangani inaishi kwa mto na soko. Mchele, muhogo, ndizi, samaki wa kukausha na makala vinaingia kutoka Isangi, Yangambi, Opala, Ubundu na Bafwasende, kwa mitumbwi, kwa maboti ya mbao, kwa pikipiki na kwa baiskeli za toleka. Sehemu kubwa ya mzigo huo inalala kwenye depo ndogo za soko au katika nyumba za watu, ndani ya komini za Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso, Lubunga na Kisangani. Mji uko karibu kabisa na Ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na hewa ina unyevu mwingi. Kuta zina nyufa, dari ina nafasi, na panya hakosi pa kupita.

Hasara ya panya haiishii kwenye mfuko uliotobolewa. Mkojo wake unaweza kueneza leptospirosi, ugonjwa unaoingia mwilini kupitia maji machafu na vidonda. Kwa majirani zetu wa Ituri, tauni bado inajitokeza mara kwa mara, na viroboto wa panya ndio wanaoibeba. Hapa Kisangani, Chuo Kikuu kina Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai, CSB, ambako watafiti huchunguza wanyama wa misitu yetu, panya wakiwemo. Kwa hiyo mama anayesema kwamba hawezi kulala bila paka nyumbani hana ujinga. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, na sokoni methali hiyo inahesabika kwa faranga.

Kuna jambo lingine la kupima kabla ya kumfukuza paka. Mahali pake mara nyingi panachukuliwa na sumu ya panya, ile inayouzwa barabarani ndani ya vifuko visivyo na jina wala maelezo. Mtoto anayetambaa hajui tofauti kati ya chambo cha panya na kipande cha mkate. Familia inaweza kumtoa paka ili kulinda mapafu ya mtoto, kisha ikamletea hatari ya kufa kwa sumu.

Si manyoya, ni mate

Watu wengi hudhani kwamba alerji ya paka, au mzio kama wanavyoandika wenzetu wa Tanzania, inatokana na manyoya. Kwa hiyo wanatafuta paka mwenye manyoya mafupi, au wanamnyoa. Haisaidii sana. Kinachosumbua ni protini ndogo ambayo wanasayansi wameipa jina la Fel d 1. Inatengenezwa kwenye mate ya paka na kwenye tezi za ngozi yake. Kila anapojilamba, anaipaka mwilini mwote. Inapokauka inakuwa chembe ndogo sana, ndogo kuliko unga, ambazo zinaweza kuelea hewani kwa masaa mengi hata kama paka ametoka chumbani.

Chembe hizo zinanata. Zinashika godoro, rido, viti vya kitambaa, nguo za shule. Ndiyo maana mtu anaweza kuanza kupiga chafya katika nyumba isiyo na paka. Nchini Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wenye pumu na alerji ya paka, ambao nyumbani kwao hakuna paka, hali yao ilizidi kuwa mbaya shule zilipofunguliwa ikiwa wanafunzi wengi wa darasa lao walikuwa wanafuga paka. Nguo za wenzao ndizo zilizoleta shida.

Kila paka anatoa protini hiyo, awe mweupe au mweusi, awe wa mjini au wa kijijini, hata yule asiye na manyoya kabisa. Kiasi ndicho kinachotofautiana. Dume ambaye hajahasiwa kwa kawaida anatoa nyingi kuliko jike au dume aliyehasiwa.

Kwa upande wa mtu, kosa ni la mwili unaolinda kupita kiasi. Neno alerji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna, aliyeona kwamba miili ya watu haijibu kwa namna moja kwa kitu kile kile. Mwili wa mtu mwenye alerji unaichukua protini ya paka kama adui. Unatengeneza askari wanaoitwa IgE, na kila protini hiyo inaporudi, askari hao wanafungulia kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayowasha macho, inayofanya pua itiririke na ngozi ivimbe pale paka alipolamba. Ikishuka kwenye mapafu, njia za hewa zinabana. Hapo alerji inakuwa pumu.

Mafua, malaria au paka?

Katika mji wetu mtu akiugua, jambo la kwanza kufikiriwa ni malaria, na ni sawa, kwa sababu malaria inaua. Lakini alerji haileti homa. Mwenye homa akapimwe malaria, hata kama anajua ana alerji. Mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Alerji inaendelea miezi, makohozi ya pua ni maji meupe, na kuna mwasho: macho, pua, hata kaakaa la mdomo. Dalili nyingine kubwa ni mahali. Mtu anayepona akisafiri wiki tatu kwa shangazi yake, kisha akaanza tena usiku wa kwanza wa kurudi, nyumba yake ina neno la kumwambia.

Lakini neno hilo si lazima liwe paka. Unyevu wa Kisangani unalea ukungu kwenye kuta na wadudu wadogo sana wa vumbi wanaoishi ndani ya magodoro, wasioonekana kwa macho. Mende wanaleta alerji pia. Hata mkojo wa panya unaleta alerji na kuchochea pumu, jambo linalofanya hesabu ya kumfukuza paka iwe ngumu zaidi. Moshi wa makala na wa kuni hauleti alerji ya paka, lakini unachoma mapafu ambayo tayari yamechoka.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu paka, inafaa kumuona daktari. Vipo vipimo vya ngozi na vya damu, ingawa si kila hospitali inavyo. Pasipo kipimo, daktari mzuri anauliza maswali: shida inaanza saa ngapi, katika chumba gani, inapungua wapi, nani mwingine katika ukoo ana pumu. Majibu hayo yanafaa kuandikwa kwenye daftari kwa wiki mbili au tatu kabla ya kwenda.

Hapa kuna kosa linalofanyika mara nyingi. Familia inampeleka paka kwa jirani siku tatu, inaona mtoto bado anakohoa, inahitimisha kwamba paka hana hatia. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Protini ya paka inaweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi minne, mitano, hata sita baada ya yeye kuondoka, ikiwa magodoro na viti havikusafishwa. Ni afadhali mgonjwa ndiye aende kulala wiki mbili au tatu mahali pasipo na paka, akiwa na nguo zilizofuliwa, kisha mlinganishe.

Mtoto anayekohoa usiku si mlozi

Paka ana jina baya pia, hasa paka mweusi. Kuna watu wanaoamini kwamba anatumwa usiku. Mtu akishikwa na kifua katikati ya usiku huku paka amelala kwenye kitanda chake, maelezo ya ulozi yanakuja haraka kuliko ya daktari. Na yanapokuja, hayaishii kwa paka. Yanaweza kumwangukia mtoto ambaye ndiye aliyempenda paka, au mtoto mwenyewe anayekohoa.

Sheria ya nchi iko wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto ulozi, na kinasema tendo hilo linaadhibiwa. Na maelezo ya kitabibu yako wazi vilevile: pumu kwa kawaida huzidi usiku na alfajiri. Mtu aliyelala anakaa masaa saba au nane uso wake ukiwa juu ya godoro ambalo paka alilalia mchana kutwa. Hakuna aliyetumwa. Kuna protini iliyokauka.

Wapo waliotoka katika mila tofauti kabisa. Katika familia za Waislamu wa mji huu, ambao historia yao hapa inarudi nyuma hadi wakati Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, paka anahesabiwa kuwa mnyama safi. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume, jina lake lina maana ya baba wa kipaka. Kumwambia mzee wa nyumba ya namna hiyo amtupe paka barabarani hakufai. Lakini usafi wa dini na alerji ni mambo mawili. Paka safi kabisa bado anajilamba.

Njia ya tatu: paka apewe mipaka

Kama dalili ni chafya na macho tu, na hakuna pumu, watu wengi wanaweza kuishi na paka kwa kugawana nyumba. Kanuni ya kwanza inazidi nyingine zote: chumba cha kulala si cha paka. Si mchana, si usiku, si kwa dakika tano. Mlango ufungwe. Kama mlango ni rido tu, tafuta ubao au kizuizi. Paka awe na mahali pake: depo, jiko la nje, veranda. Huko ndiko panya waliko pia, kwa hiyo kazi yake haipungui. Kwa mfanyabiashara, paka wa depo anafaa kuliko paka wa saloni.

Kama familia nzima inalala chumba kimoja na mifuko ya mchele iko humo humo, mpaka huo hauwezekani. Basi chakula ndicho kihame: mchele ndani ya pipa la chuma au bidoni la plastiki lenye kifuniko kinachobana, nafaka juu ya meza mbali na ukuta, makombo yasilale sakafuni. Pasipo chakula cha wazi, panya wanapungua, na haja ya paka ndani ya chumba inapungua pamoja nao.

Usafi nao una namna yake. Fagio kavu linarusha chembe hewani. Kitambaa chenye maji kinazikamata. Mwenye alerji asiwe ndiye anayefagia, au afunge pua na mdomo. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku jua linapotoka. Godoro lifunikwe kwa plastiki au kitambaa kizito kilichoshonwa pande zote.

Lakini chandarua kina sheria yake, na hapa wengi wanakosea. Paka hupenda kulala juu ya chandarua kilichokunjwa, kwa hiyo kinabeba protini nyingi juu ya uso wa mtu. Kifuliwe, ndiyo, lakini kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, si mara nyingi, na kianikwe kivulini. Maji ya moto na jua kali vinaharibu dawa ya mbu iliyomo. Usitibu chafya ukaleta malaria. Dawa nzuri zaidi ni kukitundika juu mchana, paka asikifikie.

Kumuosha paka kunapunguza protini kwa siku chache tu, kisha inarudi kama mwanzo. Anayetaka kufanya hivyo lazima arudie mara kwa mara, na paka wengi hawatakubali. Kumfuta kwa kitambaa chenye maji ni rahisi zaidi, na afanye mtu asiye na alerji, nje ya nyumba. Kumhasi dume kunasaidia, pale daktari wa mifugo anapopatikana. Mashine za kuchuja hewa zinazouzwa Ulaya zinahitaji umeme usiokatika. Kwa mteja wa SNEL hapa Kisangani, madirisha mawili yanayotazamana yaliyo wazi yanafanya kazi kubwa zaidi. Baada ya kumgusa paka, osha mikono kabla ya kugusa macho.

Je, familia isiyo na mgonjwa imfukuze paka ili watoto wasije wakapata alerji? Hakuna sababu. Mwaka 2001 kundi la Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, lilionyesha katika jarida la Lancet kwamba baadhi ya watoto wanaoishi na paka wengi wa kutosha miili yao inamzoea badala ya kumkataa. Haimaanishi kwamba paka ni chanjo, na mtoto ambaye tayari ana alerji hataponyeshwa kwa kumwongezea paka wa pili. Inamaanisha tu kwamba hofu isitangulie ugonjwa.

Dawa zilizo kwenye farmasi

Kwa chafya na mwasho, vidonge kama setirizini au loratadini vinatumika mara moja kwa siku na vinalewesha kidogo tu, au havileweshi. Dawa za zamani kama klorofeniramini zinaleta usingizi. Dereva wa pikipiki asizimeze kabla ya kazi. Dawa hizi zinapunguza dalili, haziponyeshi alerji. Ipo tiba ya kuzoesha mwili kidogo kidogo, kwa sindano au matone, lakini inachukua miaka mitatu hadi mitano na inahitaji mtaalamu wa karibu.

Kwa pumu, mambo yanakuwa mazito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pumu iliwagusa watu milioni 262 mwaka 2019 na kuua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, mahali ambapo ugonjwa haugunduliwi au hautibiwi vizuri. Pampu ya salbutamoli inafungua kifua wakati wa shida, lakini haizimi moto ulio chini yake. Anayeihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki aongee na daktari kuhusu pampu nyingine, ya kotikosteroidi ya kuvuta kama beklometasoni, inayotumiwa kila siku kuzuia. Sindano za kotikosteroidi ambazo mtu anaomba farmasi kila kifua kinapobana, bila daktari, zina madhara zikirudiwa.

Mtoto mdogo hawezi kutumia pampu peke yake. Dawa inabaki mdomoni. Anahitaji chombo cha katikati, na kile cha kununua ni ghali. Habari njema ilitoka Cape Town. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake walichapisha katika Lancet matokeo yanayoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, inafanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto walioshikwa na pumu. Chupa ya maji iliyokwisha, ambayo hapa inatupwa mtaroni, inaweza kuokoa pumzi. Muombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia kabla ya siku ya shida.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: mtu hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, ngozi kati ya mbavu inazama kila anapovuta hewa, midomo inabadilika kuwa ya bluu, mtoto anakataa kunyonya au anasinzia ovyo, pampu haisaidii tena. Hapo msisubiri asubuhi. Kwa wakaaji wa Lubunga jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa Kisangani, na kuvuka usiku si rahisi. Mwenye pumu upande ule awe na pampu nyumbani wakati wote, na familia iwe imekubaliana mapema ni nani ataita mtumbwi.

Lini paka aondoke

Upo wakati ambapo mipaka haitoshi. Mtu mwenye pumu ambayo imemlaza hospitali, au anayeamka usiku kila wiki akitafuta hewa, na daktari amehakikisha kwamba paka ndiye kichocheo, asiendelee kuishi naye chini ya paa moja. Hapo paka apewe mtu mwingine. Asitupwe sokoni wala ndani ya mfuko kando ya mto. Mwenye depo ya mchele mtaa wa pili atamfurahia, na panya wa huko wataendelea kupungua.

Akishaondoka, kazi ndiyo inaanza: kufua kila kitambaa, kupangusa kuta, kuanika godoro au kulibadilisha, na kuziba matundu ya panya siku hiyo hiyo, kabla hawajajua kwamba mlinzi amehama. Endeleeni na dawa kama daktari alivyosema, kwa sababu nafuu haitakuja wiki ya kwanza. Itakuja polepole, kwa miezi, kadiri protini inavyopungua ndani ya nyumba.